Fastjet Tanzania ilikufa kwa nini hasa? Wenye hesabu za ndege njooni

#1 Nauli_Kwanza
Wakuu salaam. Kila ikitajwa nauli ya Dar–Mwanza siku hizi, lazima atokee mtu aseme "enzi za Fastjet tulipanda kwa elfu 32". Hapo ubishi unaanza: hawa wanasema serikali iliiua, wale wanasema ilijifia.

Msimamo wangu ni kwamba ile elfu 32 ndiyo muuaji. Shirika hilo la ndege za nauli nafuu lilianza 2013, Desemba 2018 halina ndege inayoruka. Lilikuwa linauza kiti chini ya gharama tangu siku ya kwanza, mengine yote ni visingizio. Nipingeni kwa namba.

#2 BandaLaNdege
Tuanze na tarehe. Ni 29 Novemba 2012, si 2013. Siku hiyo walifungua Dar–Kilimanjaro na Dar–Mwanza, kwa Airbus A319 za viti 156.

Pili, elfu 32 ilikuwa bei ya kuanzia, tena kabla ya kodi na tozo. Katika ndege moja viti vya bei hiyo vinakuwa vichache. Vikiisha, mfumo unapanda daraja la juu yake, kisha linalofuata. Anayekata jana yake kwa ajili ya msiba analipa mara kadhaa ya yule aliyekata miezi miwili kabla. Huwezi kulihukumu shirika kwa bei ya bango.

#3 MpigaHesabu
Wote wawili mna kipande cha ukweli. Tuchukue Dar–Kilimanjaro kwa A319:

Kuanzia kuwasha injini hadi kuzima ni kama saa moja. Mafuta yanayoliwa, tuseme kilo 2,700. Lita moja ya Jet A-1 ina uzito wa kilo 0.8 hivi, kwa hiyo ni lita 3,375. Weka senti 90 za dola kwa lita, unapata kama dola 3,040.

Ndege ikijaa asilimia 70 una watu 109. Mafuta peke yake ni dola 28 kwa kichwa. Elfu 32 ya mwaka 2012 ilikuwa dola 20.

Na mafuta kwa kawaida ni theluthi moja tu ya gharama. Bado pango la ndege, akiba ya matengenezo, ada ya kutua, ada ya kuongozwa angani, watu wa mizigo na ngazi, bima, mishahara. Kwa hiyo wastani wa kila kiti kilichouzwa ulipaswa kukaribia dola 85 baada ya kutoa tozo za serikali. Swali basi si bei ya chini ilikuwa ngapi, ni viti vingapi viliuzwa bei ya juu. Soko la Kilimanjaro lina watalii, linaweza kubeba. Mwanza ya wakati ule ilikuwa inajaza watu waliotoka kwenye basi kwa sababu ya bei. Ukipandisha, wanarudi kwenye basi.

#4 Kandambili
Kwa hiyo sisi tuliopanda kwa elfu 32 ni wadaiwa sugu? Wekeni namba ya lipa.

#5 BandaLaNdege
Kandambili wewe unadaiwa na uzi wa mwaka juzi, tulia.

MpigaHesabu, umeruka kitu kikubwa: saa za kuruka. Pango la ndege unalipa kwa mwezi, iwe imeruka au imelala. Tuseme A319 ya makamo ni dola 180,000 kwa mwezi. Ukiirusha saa 11 kwa siku, una saa 330 kwa mwezi, pango linakuwa dola 545 kwa saa. Ukiirusha saa 6 tu, linakuwa dola 1,000 kwa saa. Ndege ileile, mafuta yaleyale, pango kwa saa limekaribia mara mbili kwa sababu tu imesimama.

Mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya yanafika saa 11 kwa kuanza alfajiri na kumaliza usiku. Bongo utafanyaje? Songwe, uwanja wa Mbeya, haikuwa na taa za kutulia usiku, na asubuhi kuna ukungu. Ikitolewa saa 12 Dar, inafika Mbeya haioni njia, inazunguka, inarudi Dar. Safari zote za ndege ile siku hiyo zinasukumwa mbele, na ya mwisho jioni inafutwa kwa sababu giza limeshaingia.

Halafu kuna dakika 25 za kugeuza ndege, yaani kushusha abiria na kupakia wengine. Kwenye karatasi ni sawa. Mwanza uwanja uko zaidi ya futi 3,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inagusa chini ikiwa na kasi kubwa kuliko Dar, breki zinachemka. Kwenye familia ya A320 huruhusiwi kuruka breki ikizidi nyuzi 300 za Selsiasi, na hiyo ni feni za breki zikiwa zimezimwa. Jua la saa saba, abiria wameshafunga mikanda, rubani anatazama namba inashuka kidogokidogo. Abiria anaona wanacheleweshwa kwa makusudi. Ukipoteza dakika 15 kila kituo, kwa vituo sita umepoteza safari nzima ya Kilimanjaro.

#6 MtotoWaPwani
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mnazungumzia saa na breki, mimi naona tatizo ni ukubwa wa ndege. Jambojet ya kwetu ilianza Aprili 2014 na Boeing 737-300 zilizotoka Kenya Airways, nauli ya kuanzia Ksh 2,850. Baadaye wakahamia Q400, ndege ndogo za pangaboi, na bado wapo. Fastjet waling'ang'ana na A319 kwa miaka karibu minne.

#7 MpigaHesabu
MtotoWaPwani umegusa penyewe. Kuna gharama kwa kiti na kuna gharama kwa safari, na watu wanazichanganya.

Safari ya saa moja: A319 kilo 2,700 kwa viti 156, yaani kilo 17 na kidogo kwa kiti. Q400 ya viti 76 inakula kama kilo 1,150, yaani kilo 15 kwa kiti. Kwa kiti hazipishani sana. Ila safari nzima ya Q400 ni chini ya nusu. Ukipata abiria 60 siku ya Jumanne, Q400 inarudi na tabasamu, A319 inarudi na deni.

Kuna na la ratiba. Abiria 120 kwa siku ukiwapa A319 moja, wanapata safari moja, tuseme mchana. Ukiwapa Q400 mbili, wanapata asubuhi na jioni. Mtu wa ofisi anayekwenda kikao na kurudi ndiye anayelipa bei ya juu, naye hapandi ndege ya mchana. Kwa hiyo ndege kubwa inakukosesha hata yule mteja ambaye angefidia elfu 32 za wengine.

#8 ChakiYaMstaafu
Vijana, mnahesabu kwa dola kana kwamba abiria alilipa dola. Novemba 2012 dola ilikuwa kama shilingi 1,580. Katikati ya 2015 imevuka 2,000. Mwisho wa 2018 ni kama 2,290. Tiketi ya elfu 32 iliyokuwa dola 20 imekuwa dola 14 bila mtu kushusha bei hata senti. Pango la ndege, vipuri, bima na mafunzo ya marubani kwenye mashine za mfano nje ya nchi, vyote dola.

Mtasema mafuta ya dunia yalishuka 2015. Kweli. Lakini wapinzani wao wenye ndege za pangaboi walinunua mafuta yaleyale kwa bei ileile. Nafuu ya mafuta ilikwenda kwa kila mtu, hasara ya shilingi ikamkaba zaidi mwenye pango kubwa.

#9 Mzalendo_Halisi
Mbona mnazunguka? Septemba 2016 Air Tanzania (ATCL) ilipokea Q400 mbili mpya. Julai 2018 Dreamliner. Desemba 2018 Airbus A220 ya kwanza. Ndege zimenunuliwa na serikali, ATCL inakodishiwa na wakala wa serikali. Shindana na huyo kama unaweza, wewe unayelipa pango kwa mwenye ndege wa nje asiyejua huruma. Kwangu hilo halihitaji kikokotoo.

#10 BandaLaNdege
Mzalendo, pangilia miaka. Hadi Machi 2016 mkurugenzi wa kwanza, Ed Winter, alikuwa ameshaondoka baada ya mvutano wa wazi na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet. Agosti 2016 akaingia Nico Bezuidenhout kutoka Mango ya Afrika Kusini. Yeye ndiye aliyehamisha makao kutoka Gatwick kwenda Johannesburg, akaanza kuondoa A319 na kuleta Embraer E190 za viti 104. Yote hayo yalianza kabla au wakati Q400 za ATCL zinashuka. Mgonjwa alikuwa kitandani, ATCL imemkuta huko.

#11 Mzalendo_Halisi
Mgonjwa aliye kitandani humkandamizi mto usoni.

#12 Nauli_Kwanza
Hapo BandaLaNdege umetaja Gatwick. Shirika linauza tiketi Mwanza, ofisi kuu iko Uingereza kwenye mishahara ya pauni. Stelios wa easyJet naye analipwa kwa jina. Hilo nalo si gharama ya kuua?

#13 Karani_wa_Zamani
Nauli_Kwanza, kwa kuongezea. Fastjet haikuwa mali ya Stelios. Kampuni mama ilikuwa kwenye soko la hisa la AIM la London, ilitokana na kampuni ya Rubicon kununua shirika la ndege la Fly540 kutoka Lonrho mwaka 2012. Stelios alikuwa na hisa chache na ndiye mwenye jina, wao wanalitumia kwa mkataba. Cheti cha uendeshaji walichorukia Dar ndicho kilichokuwa cha Fly540 Tanzania.

Walirithi na mizigo: Fly540 ya Ghana na ya Angola zilizokuwa zinakula fedha hadi zikaachwa 2014, na ugomvi na wenzao wa Fly540 Kenya ambao ulichelewesha Nairobi. Dar–Nairobi, njia ambayo mtoto wa darasa la saba angeichagua kwanza, waliipata Januari 2016. Johannesburg walishaanza Oktoba 2013, Lusaka 2014, Harare 2014. Yaani walianza mbali wakamalizia jirani. Si kwa kupenda: safari ya nje inategemea mkataba wa nchi na nchi, kisha kila nchi inakuteua, kisha mamlaka ya upande wa pili inakupa kibali. Kila hatua ina mlango wa kufungwa na shirika la nchi ile linalokuogopa.

Na nauli nafuu inagonga ukuta kwenye tozo. Tozo ya huduma ya abiria ya safari ya nje kutoka Dar ilikuwa dola 40 hata kabla ya nauli yenyewe. Ya ndani ilikuwa elfu 10. Ukitangaza kiti cha dola 50 kwenda nje, mteja anaona karibu 100. Ile hamu ya bei inakufa palepale.

#14 ShangaziWaLuton
Hamjambo huko. Mnaona kama ni jambo la Tanzania tu, mimi nawaletea la Monarch, maana lilianzia hapa Luton mwaka 1968.

Monarch ilikuwa ndege za kukodi. Kampuni ya utalii inanunua viti vya msimu mzima, kwa mfano kila Jumamosi kwenda Hispania, inalipa kabla, na kiti kikibaki wazi ni hasara ya kampuni ya utalii. Shirika linajua Februari ndege zake za Agosti zimeshauzwa. Baadaye kampuni kubwa za utalii zikawa na ndege zao, easyJet na Ryanair wakachukua waliobaki. Monarch ikauzwa kwa Greybull Capital mwaka 2014, ikaachana na safari za kukodi na za masafa marefu, ikageuka shirika la nauli nafuu lenye kuuza kiti kimoja kimoja. Pale hatari yote ikahamia kwake.

Kisha 2015 shambulio la Tunisia, Sharm el-Sheikh ikafungwa, Uturuki ikaogopwa. Kila shirika likapeleka ndege zake Hispania na Ureno, viti vikafurika, bei zikaanguka. Juni 2016 pauni ikaporomoka baada ya kura ya kujitoa Ulaya, na mafuta na pango ni dola. ChakiYaMstaafu, ni shilingi yako hiyohiyo. Oktoba 2016 ikaponea chupuchupu. Mwaka uliofuata ikafa, watu kama 110,000 wakiwa nje ya nchi, serikali ikakodi ndege kuwarudisha.

#15 MtotoWaPwani
Shikamoo Shangazi. Hilo la kukodi sisi Mombasa tunalijua. African Safari Airways ilikuwa ya wenye hoteli wenyewe, African Safari Club. Walirusha DC-10, baadaye A310, na kiti hukinunui peke yake kama kawaida, unanunua kitanda na kiti pamoja. Ndege inajaza hoteli, hoteli inajaza ndege. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni huohuo: watalii wakiogopa pwani, vyote viwili vinakauka mwezi mmoja.

#16 Nauli_Kwanza
Shangazi, Monarch si ilikufa 2016?

#17 ShangaziWaLuton
Marahaba MtotoWaPwani. Nauli_Kwanza, ni 2 Oktoba 2017. Na tarehe ina maana yake. Leseni ya kuuza vifurushi vya likizo, ATOL, inaisha mwisho wa Septemba. Mamlaka inakagua vitabu wakati ambapo fedha za kiangazi zimeshaingia, na mbele kuna miezi mitano ya ndege nusu tupu. Ndiyo maana Monarch ni Oktoba mosi-mbili, Primera Air 1 Oktoba 2018, Thomas Cook 23 Septemba 2019. Wanakufa mavuno yakishaliwa.

Monarch baada ya kufa ilikwenda mahakamani ikashinda haki ya kuuza nafasi zake za kutua Gatwick na Luton. Za Gatwick zikanunuliwa na IAG, wenye British Airways. Yaani mali ya thamani ilikuwa dakika kwenye ratiba ya uwanja.

#18 Kandambili
Fastjet nao wangeuza nafasi ya kutua Songwe. Saa 12 asubuhi, ukungu bure.

Serious kidogo: mnasahau samaki. Ndege ya Mwanza bila ndoo ya sangara si ndege ya Mwanza. Mlikuwa mnawalipisha wangapi?

#19 BandaLaNdege
Unacheka lakini mafundi wanalijua. Barafu ya samaki ikiyeyuka na chombo kikiwa kibovu, maji yanapenya chini ya paneli za sakafu ya shehena. Chini yake kuna mihimili ya alumini. Inabidi uinue paneli, ukaushe, ukwangue kutu, upime unene uliobaki, upake dawa ya kuzuia kutu upya. Ikizidi kipimo unakata kipande na kuunga. Ndege inalala siku kadhaa hanga. Utaratibu ni ndoo yenye kifuniko cha kubana, mfuko mzito ndani, karatasi ya kunyonya maji, na mzigo upimwe na ulipiwe. Mwenye haraka kaunta ya mizigo anaruka hatua mbili za mwanzo.

#20 ShangaziWaLuton
Primera hiyo niliyoitaja, iliyoanza kwa ndege za kukodi za watalii wa Nordiki, ilisema yenyewe kwamba ndege moja kuharibiwa na kutu iliigharimu zaidi ya euro milioni 10 mwaka 2017. Mwaka uliofuata wakakimbilia kuvuka Atlantiki kwa A321neo, Airbus ikachelewa kuzileta, wakakodi ndege za watu kwa bei ya dharura wasifute safari. Hawakufika majira ya baridi.

#21 Kandambili
Na hawakubeba hata sangara mmoja.

#22 MpigaHesabu
Shangazi ametupa kitu. Ulaya wanakufa mavuno yakiisha. Fastjet ilisimama Desemba, wiki ambayo Wachaga wote wanakwenda Moshi na kila kiti cha Kilimanjaro kinauzika bei ya juu kabisa! Mtu hafi njaa siku ya karamu bila sababu. Tafsiri yangu: tiketi za Desemba ziliuzwa Septemba na Oktoba, na fedha ilishatumika kulipa madeni ya Septemba na Oktoba. Kumbuka Juni 2018 kampuni mama ilitangaza hadharani kwamba fedha inakaribia kuisha. Mwenye pango akisikia hivyo anataka alipwe kabla, muuza mafuta anataka taslimu, na karamu inakuwa ya wadai.

#23 Mzalendo_Halisi
Au tafsiri rahisi zaidi. Novemba 2018 wazungu wanauza hisa zao kwa Lawrence Masha, waziri wa zamani wa mambo ya ndani. Desemba 17 TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni. Mmiliki anasema analeta Boeing 737-500, TCAA haimruhusu. Wiki hiyohiyo A220 ya ATCL inatua Dar na kupigiwa ngoma. Unganisheni wenyewe.

#24 Karani_wa_Zamani
Unganisha na zilizoandikwa kwenye notisi pia: deni kwa mamlaka la zaidi ya shilingi bilioni moja, kukosa ndege ya uhakika, kukosa meneja anayewajibika. Hicho cheo cha mwisho si pambo. Bila mtu aliyekubaliwa na mamlaka kuwa ndiye mwenye fungu la fedha la usalama, cheti cha uendeshaji, AOC, hakisimami hata ukiwa na ndege kumi.

Na kuingiza ndege ya aina mpya kwenye AOC si kuishusha tu Dar. Kuna hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa nyaraka, ukaguzi na majaribio ya kuonyesha uwezo, kisha idhini. Marubani wawe na sifa za aina hiyo, mafundi vilevile, orodha ya vipuri iandikwe upya. Haraka kabisa ni wiki nyingi. Kutoka Embraer kwenda 737 ndani ya siku 28 kulikuwa kugumu hata kama wote wangekuwa marafiki.

#25 Mzalendo_Halisi
"Hata kama wote wangekuwa marafiki." Ahsante, umesema mwenyewe.

#26 mgeni_2
Samahani wakuu, naomba kuuliza. Shirika likisimama ghafla, mwenye tiketi afanye nini?

#27 Karani_wa_Zamani
Karibu mgeni_2. Inategemea ulilipaje.

Kadi ya benki: siku hiyohiyo andikia benki iliyotoa kadi kwamba huduma haikutolewa, ambatisha tiketi na tangazo la kusitisha safari. Kuna ukomo wa siku, usisubiri shirika likuahidi. Simu: fedha ikishaingia kwa shirika mtandao wa simu hauirudishi kwa ombi lako, ila toa taarifa ya muamala yenye namba ya kumbukumbu. Wakala: uliza kama fedha ameshaipeleka au bado anayo, wengi hupeleka kwa mafungu. Vyovyote iwavyo peleka malalamiko kwa maandishi TCAA na nakala kwa baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, TCAA-CCC. Kampuni ikifilisiwa rasmi unaandikisha dai kwa mfilisi, na abiria yuko nyuma ya benki na kodi kwenye foleni. Hapa hatuna kitu kama ATOL ya Shangazi.

#28 ShangaziWaLuton
Hata huku ATOL ni ya vifurushi hasa. Wengi walionunua kiti pekee cha Monarch, bila kifurushi, kisheria hawakuwa na haki hiyo, serikali iliamua tu kuwarudisha wote.

#29 MtotoWaPwani
Swali langu halijajibiwa: kwa nini Fastjet Zimbabwe bado inaruka? Jina lilelile, wakuu walewale.

#30 BandaLaNdege
Embraer E145, viti 50, kutoka kwa Solenta ambaye alikuwa mwenye ndege na mwenye hisa kwa pamoja. Na kampuni mama ikachukua FedAir, ndege ndogo za kukodi zinazopeleka watalii kwenye kambi za wanyama Afrika Kusini. Yaani shirika la nauli nafuu limerudi kwenye kukodi, kinyume cha Monarch. Hii ni ushahidi wa hoja ya ukubwa wa ndege.

#31 ChakiYaMstaafu
Au ushahidi wa hoja yangu. Zimbabwe wakati ule walikuwa wanauza tiketi kwa dola.

#32 Mzalendo_Halisi
Au yangu. Air Zimbabwe haikununuliwa Dreamliner.

#33 Nauli_Kwanza
Na nauli yao ya kuanzia siku hizi ni ngapi? Mwenye nayo aweke hapa, pamoja na tozo.